Mbuzi Watatu wa Ondiek

Elphas Ondiek alipomwambia mkewe kwamba anahitaji nafasi ya kufikiri, nafasi yenyewe ilikuwa tayari ina godoro, mapazia na mwanamke aitwaye Jacinta. Wanaume hawafikirii mahali patupu. Evalyne Kavutha alikuwa amempikia mtu huyo miaka kumi na sita na kumpigia pasi hata soksi, lakini hakulia mbele yake. Alifunga sufuria ndani ya shuka, akamwita binti yao Lorine kutoka kwa jirani alikokuwa akitazama televisheni, na kabla jua halijatua walikuwa wametoka Buruburu, Nairobi, na kufika Kitengela kwa babake Evalyne, mzee Musau.

Lorine alikuwa na miaka kumi na mitano, na aliona safari ile ni kama kufungwa jela kwa kosa la mtu mwingine. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa. Huo ulikuwa mwaka wa 2003. Kitengela ya wakati huo ilikuwa barabara moja ya kwenda Namanga, na kando yake bucha, baa, bucha nyingine, kanisa, halafu bucha. Upepo ulileta vumbi la saruji kutoka Athi River asubuhi na kulirudisha jioni. Mvua ikinyesha, udongo mweusi ulishika kiatu, mtu akaendelea na safari kwa soksi. Ng'ombe walivuka barabara bila kutazama upande wowote, na madereva wa malori waliokuwa wakitukana watu tangu Arusha walizima injini wakangoja kwa adabu.

"Mathe, hii ni ocha," Lorine alisema siku ya kwanza ya mvua, akiwa amesimama mlangoni na kiatu kimoja.

"Ocha gani? Mashambani unaona ndege zikipaa Nairobi?"

"Kuiona ndege na kuwa ndani yake ni kitu moja?"

"Rudi utafute kiatu," mamake akasema.

Mzee Musau alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha saruji mpaka kifua chake kikaanza kulia kama mlango mbovu. Alinunua ploti yake wakati watu walipocheka kila aliyenunua ardhi pale, akajenga vyumba vitatu vya mabati, akawangoja waliomcheka waje kupanga. Mtu asidhani alikuwa mzee wa hekima. Alikuwa mzee wa nyama. Meno aliyobaki nayo yalikuwa machache, lakini alikuwa ameyapangia kazi vizuri, na hakuna mfupa uliotoka mkononi mwake ukiwa na kitu cha kumfaa mbwa. Kanisani alikuwa mshiriki mwaminifu wa harusi na matanga, hasa yale ya watu wenye mifugo.

Evalyne alipata kazi ya kushona katika kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda la Athi River. Alitoka alfajiri na kurudi na nyuzi za buluu kwenye nywele, na majirani walipomuuliza mume wake yuko wapi, alijibu kwamba yuko anakofikiri.

Lorine naye aliingizwa kidato cha pili katika shule ya kutwa iliyokuwa na madirisha lakini haina vioo. Aliketishwa karibu na msichana mrefu wa Kimaasai aitwaye Naserian, ambaye Jumamosi na Jumapili alichunga mbuzi wa mjomba wake nyuma ya ploti za watu. Siku ya kwanza Lorine alimweleza kwamba yeye si wa pale, amekuja kwa muda tu.

"Hata huu upepo ni wa muda tu," Naserian akasema. "Lakini tangu nizaliwe unavuma."

Naserian alimpa jina la Buruburu, na jina likashika kama ule udongo. Lorine alipotembelea kwao mara ya kwanza, alimkuta nyanya ya Naserian ameketi nje. Akamnyooshea mkono na kumwambia niaje, jinsi walivyosalimiana mtaani kwao. Mama mzee akautazama ule mkono kama anayeuziwa kitu. Naserian akamshika Lorine shingo kwa nyuma, akamwinamisha, na mama mzee akamgusa utosini. "Kwetu mtoto analeta kichwa," Naserian akamwambia njiani. "Mkono ni wa watu wenye kitu mkononi." Lorine alinuna hadi nyumbani. Lakini wiki iliyofuata alipeleka kichwa bila kushikwa shingo.

Basi alikuwa akizoea, ila hakutaka mtu ajue, na yeye mwenyewe hakutaka kujua. Kila Ijumaa baada ya shule alipita katika kibanda cha simu karibu na kituo cha petroli, akampigia babake kazini. Ondiek alikuwa karani wa kampuni ya bima, mtu wa tai na sauti nzito. Lorine alimwambia kila mara neno lile lile: njoo unichukue. Na Ondiek alimjibu kila mara vile vile: tutaona, nyara. Nyara kwa Kijaluo ni binti yangu, na mwanamume anaweza kulisema neno hilo kwa utamu sana huku akitafuta mahali pa kuweka simu chini.

Halafu Jacinta akajifungua mtoto, na msichana wa kazi akatoroka. Ijumaa iliyofuata Ondiek alisema, "Nyara, nakuja kesho. Lazima usome Nairobi." Lorine aliruka pale kibandani mpaka mwenye kibanda akamuuliza kama ameshinda kitu. Hakujiuliza kwa nini masomo yake yamekumbukwa wiki ile ile ambayo nepi zimekosa mfuaji. Kuna maswali ambayo mtoto hamuulizi mtu anayempenda, na hata watu wazima huchelewa kuyauliza. Wengine miaka kumi na sita.

Ondiek akaja. Evalyne alikuwa kazini. Musau alimpa stuli, si kiti.

"Mzee, nimekuja kuchukua mtoto wangu," Ondiek akasema.

"Mtoto wako." Musau aligonga kikopo chake cha ugoro. "Huyo wa Kavutha wangu?"

"Si nilileta kitu, mzee? Nilileta baisikeli. Nilileta blanketi."

"Baisikeli niliendesha ikaisha. Blanketi iko na matundu. Lakini mbuzi wa ntheo sikuona."

"Mbuzi wa nini?"

"Wa ntheo. Watatu. Sisi Wakamba, bila hao mbuzi hakuna kitu umefanya. Hata ungejenga ghorofa hapa, wewe bado ni mgeni alikuja kutembea akachelewa kurudi kwao. Na mtoto wa mgeni ni wa mwenye boma."

Ondiek alicheka mpaka tai ikayumba. "Mbuzi tatu? Mzee, kwetu ningeitishwa ng'ombe mpaka nihame nchi. Mbuzi tatu naleta Jumamosi ijayo."

"Kwanza uliza wenzako. Huko ofisini hakosi Mkamba. Akuambie ntheo inafanya nini."

"Niulize nini? Mbuzi ni mbuzi."

Huyo ndiye Ondiek. Alikuwa ameishi na Mkamba miaka hiyo yote, na neno la Kikamba alilolijua ni lile la kuitwa mezani. Aliondoka akifurahi kwamba wakwe zake ni watu wa bei rahisi. Lorine, aliyekuwa amebandika sikio kwenye mabati ya chumba cha pili, alisikia Jumamosi tu. Kichwani mwake alikuwa ameshafika Buruburu na kufungua televisheni.

Mamake aliporudi na kuambiwa, alivua viatu polepole.

"Mbuzi wa ntheo? Babako?"

"Amesema analeta."

"Sawa."

"Hutanizuia?"

"Nikuzuie na nini? Uko na miguu."

Wiki nzima Lorine alitembea Kitengela kama mtu anayelipa hoteli na kuondoka. Aliwasamehe ng'ombe. Aliusamehe upepo. Alipakia nguo zake kwenye begi, akazitoa, akazipakia tena kwa mpango mwingine, na usiku alilala akisikia mamake akigeuka kitandani upande wa pili wa pazia.

Jumamosi Ondiek alifika na gari lake la Nissan Sunny. Jacinta alikuwa mbele, amevaa gauni la rangi ya maziwa, na mtoto mchanga mapajani. Alikuwa amekuja, nadhani, kuhakikisha kwamba mfanyakazi anayechukuliwa ana mikono miwili. Mbuzi hawakuwemo. Ondiek alikuwa amepanga kuwanunua hapo hapo, kwa hiyo Lorine akampeleka kwenye soko la mifugo, kule chini ya barabara, ambako mjomba wa Naserian alikuwa na mbuzi wake siku hiyo, Naserian mwenyewe akimsaidia.

Ondiek alinunua mbuzi jinsi watu wanavyonunua shati. Alitaka mweupe.

"Huyo ni mgonjwa, Baba Lorine," Naserian akamwambia. "Angalia pua."

"Wacha pua. Mimi nataka huyo."

"Utampelekea mzee mbuzi anakohoa? Si huyo mzee tayari anakohoa mwenyewe?"

Mjomba akacheka, na Ondiek akaachana na mweupe. Naserian alifungua midomo ya mbuzi, akatazama meno, akabana viwele, mwishoni akatoa majike wawili na beberu mmoja mnene. Alipomkabidhi Lorine kamba, alimvuta kando.

"Kwa hivyo unaenda, Buruburu."

"Naenda."

"Na hii mbuzi ni ya kukuchukua wewe?"

"Ndiyo."

"Kwetu mwanaume akipeleka mifugo kwa mzee, ni msichana anaolewa."

"Hii ni tofauti."

"Haya," Naserian akasema, kwa ile sauti ya mtu anayeona mbuzi wa mwenzake akielekea shimoni lakini hakuulizwa.

Wakarudi nyumbani, Lorine mbele na mbuzi watatu, na Nissan nyuma yao kwa mwendo wa mbuzi. Mbuzi waliposimama kula karatasi, gari likasimama. Jacinta alifunga kioo. Watu wa bucha walitoka nje kutazama, na mmoja akauliza kwa sauti ni nani anaoa. Ondiek alimpungia mkono kama mbunge.

Mzee Musau alikuwa tayari amenoa kisu. Pembeni yake aliketi rafiki yake Mwololo, jirani, Mkamba mwenzake, aliyeitwa awe shahidi na aliyekubali kabla sentensi haijaisha. Wazee wawili wakawazunguka mbuzi, wakawapapasa migongo, wakatazamana na kutikisa vichwa kwa furaha ambayo wake zao, Mungu awarehemu, huenda hawakuwahi kuiona.

"Ondiek, hawa mbuzi umeleta ni wa ntheo?" Musau akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Mwololo, umesikia?"

"Nimesikia."

"Ondiek, hukulazimishwa?"

"Nani atanilazimisha? Chinja, mzee, tuko na safari."

Beberu akachinjwa, Lorine akishika miguu ya nyuma na kugeuza uso upande wa barabara. Majike wawili walifungwa kwenye nguzo ya ua. Ngozi iliwekwa kando. Ondiek na Jacinta walipewa viti, safari hii viti vya kweli, na Musau akachoma maini akimwambia Mwololo kwamba hajakula kitu laini namna ile tangu aache kazi.

Jikoni, Evalyne, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini siku hiyo, alikuwa na sufuria juu ya jiko la makaa. Lorine aliingia kuchukua sahani.

"Unajua babako ameleta hizo mbuzi kufanya nini?" mamake akamuuliza bila kugeuka.

"Kunichukua."

"Ameleta kunioa."

Lorine alidhani ni mzaha. Mamake akapunguza moto.

"Ntheo ndiyo ndoa, Lorine. Si mahari, si zawadi. Ndiyo ndoa yenyewe. Mtoto hufuata tu nyuma, kama kamba na ndoo. Akila hiyo nyama mbele ya baba yangu na Mwololo, amenioa kabisa, kuliko vile amewahi kunioa."

"Anajua?"

"Babako? Babako hajui hata mwezi nilizaliwa."

"Kwa nini humwambii?"

"Aliambiwa aulize. Na mimi sijaitwa huko nje. Nimeambiwa nipike."

Lorine alisimama na sahani. Kutoka pale jikoni alimwona babake ameketi, amekunja nne, akimweleza Mwololo mambo ya bima. Neno moja lingetosha. Baba, usile. Angetema, angeinuka, na gari lingeondoka. Lakini akinyamaza? Hesabu yake ilikuwa ya mtoto, lakini ilikuwa hesabu. Baba akila, ameoa. Akioa, Mama ni bibi yake tena mbele ya wazee. Jacinta atarudi huko wanakotoka akina Jacinta, na wao watatu watakuwa Buruburu, na jioni Baba atauliza chumvi iko wapi kama zamani. Msichana asilaumiwe. Watu wazima wenye akili timamu wamefungana ndoa kwa hila kubwa kuliko ile, tena kanisani, na kwaya ikiimba.

Akachagua ubavu wenye mafuta, akaongeza kipande cha paja, akatoka nao.

"Kula, Baba."

Ondiek akala. Alikula kwa vidole vyote, akalamba gumba. "Nyara, umepika wewe?"

"Mama amepika."

"Mkono wake haujapotea," Ondiek akasema, na Jacinta akasikia.

Jacinta naye hakukataa. Alifunga kitambaa kifuani asichafue gauni, akala mbavu za harusi ya mke mwenzake, akaomba pilipili.

Lorine alirudi jikoni mbio, akachukua kipande kingine na kumletea mamake.

"Na wewe, Mama. Kula kidogo."

Evalyne alimtazama, halafu akaitazama ile nyama, halafu akatazama nje alikokuwa Ondiek akitafuna.

"Umemlisha?"

"Amekula mwenyewe."

"Na mimi unataka nikule."

"Si ni kipande kidogo tu."

"Mwanamke akila nyama ya ntheo, amejibu. Amesema ndiyo."

"Si useme."

"Nilisema ndiyo kila siku, Lorine, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Leo mbuzi ndio wameniuliza, kwa hivyo wacha nijibu mbuzi." Akakisukuma kile kipande kwa mgongo wa mkono. "Sili."

Machozi yalimtoka Lorine yenyewe, naye akayafuta kwa hasira, kwa mkono wenye mafuta. "Mimi nataka kwenda nyumbani."

"Najua."

"Sasa?"

"Sasa enda. Nitaongea na babu yako akuachilie bila mbuzi. Sikufungi hapa. Lakini mimi usinipike pamoja na beberu."

Nje, Mzee Musau alikuwa amemaliza mfupa wake na kuupiga kwenye jiwe kupata uboho. Alipoona hakuna tena, alijipangusa midomo, akasimama, akamwomba Mwololo naye asimame.

"Ondiek," akasema, "baba yako alikufa bila kunijua, lakini leo angekuwa na furaha. Miaka yote hii nimekuwa na aibu nikisema mkwe wangu, kwa sababu hukuwa mkwe. Ulikuwa kitu tu. Leo umekula ntheo. Leo umeoa. Kavutha ni bibi yako na Lorine ni mtoto wako, na hakuna mtu atasema kitu. Na huyu mama ulikuja naye," akamgeukia Jacinta kwa heshima, "karibu sana. Utamsaidia Kavutha kazi, yeye ndiye mkubwa."

Jacinta aliacha kutafuna. Nyama ilibaki shavuni, upande mmoja umevimba kama mwenye jino bovu.

"Nimeoa nani?" Ondiek akauliza.

"Kavutha."

"Mimi nimekuja kuchukua mtoto."

"Mtoto huchukuliwa pamoja na mamake. Nilikuambia uulize."

"Elphas," Jacinta akasema akishapata njia ya kumeza. "Elphas, huyu mzee anasema nini?"

"Ni mila zao tu, achana nayo."

"Mimi nimekula harusi yako? Nimeomba hadi pilipili?"

Ondiek alimgeukia Musau, akamgeukia Mwololo, akashika tai. Mwololo alisema yeye ni shahidi tu, na kama imebaki figo, yeye hachagui. Ndipo Evalyne alipotoka jikoni, akajipangusa mikono kwenye leso na kusimama mlangoni.

"Baba, usimtishe mtu wa watu. Mimi sijala. Sijaonja hata mchuzi. Hakuna mtu ameolewa hapa."

Ondiek alishusha pumzi. Alishusha pumzi haraka mno, na kwa sauti kubwa mno, na kila mtu uani alisikia jinsi mwanamume anavyosikika akiponea chupuchupu. Evalyne aliendelea kama hakusikia.

"Na mtoto, akitaka kwenda na babake, aende. Bila mbuzi. Mimi ndiye nimemzaa na nimekubali. Baba, na wewe ukubali."

Musau alilalamika kidogo kuhusu watu wa siku hizi, lakini tumbo lilikuwa limeshiba, na mtu aliyeshiba hana vita. "Haya. Aende," akasema.

Kwa hiyo njia ilikuwa wazi. Lorine aliingia chumbani, akatoka na begi lake, akasimama karibu na gari. Alichohitaji ni babake kufungua mlango wa nyuma tu.

Lakini Jacinta alikuwa amefikiri, na alipofikiri alimtazama Lorine toka nywele hadi viatu. "Huyu ndiye alileta ile sahani," akasema. "Alikuchagulia ubavu. Muulize kama alikuwa anajua."

"Lorine," Ondiek akasema. "Ulijua?"

Angeweza kudanganya. Babake angefurahi kudanganywa.

"Nilijua."

"Umesikia?" Jacinta akasema, akimfunika mtoto mchanga kama anayeona mvua. "Msichana anamwoza babake na sahani. Kesho ataniwekea nini kwa chai? Kwangu haingii."

"Nyumba ni yangu, Jacinta," Ondiek akasema.

"Basi ingia naye, mimi nitoke."

Ondiek alimtazama Jacinta, akamtazama binti yake na begi lake, na Lorine aliona usoni pake kitu ambacho mamake alikuwa amekiona mapema mwaka ule: mtu anayetafuta nafasi ya kufikiri.

"Nyara," akasema, "kaa kwanza hapa. Usaidie mama. Likizo tutaongea."

"Likizo gani?"

"Tutaongea." Kisha akamgeukia Musau, na sauti yake, ambayo kwa jambo la binti ilikuwa laini kama uji, ikapata mifupa. "Sasa mzee, kama hakuna ndoa, mbuzi zangu nirudishiwe. Zote."

Hata Mwololo aliacha figo.

"Zote?" Musau akauliza.

"Nilitoa mbuzi tatu. Haki ni haki. Siwezi kupoteza mbuzi bure."

"Wawili hao hapo kwa nguzo," Musau akasema. "Huyo wa tatu tumegawana. Ukiwa na haraka, yako umebeba mwenyewe. Yetu ungoje kesho asubuhi, kila mtu akitoka choo."

Mwololo alicheka mpaka akashika ukuta. Evalyne hakucheka. Alikuwa anamtazama Lorine, na Lorine alikuwa anamtazama babake, ambaye kwa ajili ya majike wawili wa mbuzi alikuwa amesimama wima, amenyoosha kidole, anagombana na mzee. Hakuwahi kumwona akigombania kitu namna hiyo. Kwa ajili yake yeye alikuwa amesema neno moja tu, kaa.

Aliweka begi chini. Akaenda kwenye nguzo, akafungua kamba mwenyewe, akawavuta mbuzi hadi garini. Buti haikuwatosha wote wawili kwa sababu ya kigari cha mtoto, kwa hiyo mmoja akaingia buti na mwingine kiti cha nyuma, mahali palipokuwa pamewekwa wazi kwa ajili ya msichana na begi lake. Mbuzi wa kiti cha nyuma alinusa gauni la rangi ya maziwa, akaanza na ukosi.

"Baba, mshike kamba karibu na shingo," Lorine akasema. "Ukimwachia refu atakuvunjia kioo."

"Nitakupigia simu, nyara."

"Haya."

Gari likaondoka. Lilipofika kwenye bonde la udongo mweusi ambalo lilikuwa bado halijakauka tangu mvua ya mwisho, lilikwama, na wanaume wa bucha wakaja kulisukuma, wakimpongeza bwana harusi. Lorine hakungoja kuona. Ngozi ya beberu ilikuwa bado imelala kando ya ua, imeanza kuvutia nzi. Aliuliza inafanywa nini, na babu yake akamjibu kwamba isipowambwa leo itaoza. Basi akatafuta vijiti, akachukua jiwe, akapiga magoti kwenye vumbi akiwa amevaa ile suruali yake nzuri ya Nairobi, akaanza kuiwamba ngozi chini.

Alipiga kila kijiti kwa nguvu kuliko kilivyohitaji. Mamake alimletea maji ya kunywa, akaliweka kopo karibu naye na kurudi ndani.

Jua lilikuwa limepungua ukali Naserian alipopita nyuma ya ploti akiwarudisha mbuzi wa mjomba wake. Alisimama kwenye ua, akaegemea fimbo, akamtazama Lorine, halafu akalitazama lile begi lililokuwa bado limesimama peke yake katikati ya ua.

"Hukuenda."

"Sikuenda."

Naserian akaegemeza fimbo yake kwenye ua. Kisha akaruka ua, akachuchumaa ng'ambo ya ngozi na kuishika ukingoni kwa mikono miwili.

"Vuta huko kwako," akasema. "Umeikunja katikati. Itakauka na kona."

Lorine akavuta.